Albamu Iliyokula Sarafu

Muulize mkusanyaji yeyote wa sarafu adui wake mkubwa ni nani. Atakutajia mwizi, moto, mafuriko, na pengine mtoto wa nyumbani anayetafuta pesa za peremende. Ni majibu ya haki. Lakini ukichimba historia unakuta kwamba sarafu nyingi zilizoharibikia ndani ya mikusanyiko ya watu ziliharibiwa na mwenyewe, mchana kweupe, akiwa ameketi mezani na kitambaa laini mkononi, akidhani anazitendea wema.

Najua wengi mnakuja hapa kwa habari za programu, seva na simu. Leo nivumilieni. Haya nayo ni mambo ya kuhifadhi data, ila data yenyewe imeandikwa juu ya shaba na fedha badala ya diski. Na kama mtu yeyote aliyewahi kufungua CD ya zamani na kukuta haisomeki anavyojua, mara nyingi chombo cha kuhifadhia ndicho kinachotoboa mtumbwi.

Tuanze na jambo ambalo watu wengi hawalijui: sarafu mpya inang'aa kwa nini? Si kwa sababu ni safi tu. Sarafu inapofuliwa, kipande cha metali hubanwa kati ya mihuri miwili ya chuma kigumu kwa nguvu ya tani nyingi. Metali hiyo hutiririka kutoka katikati kwenda ukingoni, kama vile donge la unga wa chapati linavyokimbilia pembeni ukilikandamiza. Mtiririko huo huacha mistari midogo mno, isiyoonekana kwa macho matupu, na mwanga ukiigonga huonekana kama miale inayozunguka unapoigeuza sarafu mkononi. Mng'aro huo hauwezi kurudishwa. Kiwanda peke yake ndicho chenye uwezo wa kuutengeneza, mara moja tu, katika ile sekunde ya kufuliwa.

Sasa chukua kitambaa na dawa ya kung'arishia vitasa. Unasugua. Unachofanya ni kuilaza ile mistari na kuchora mingine yako, maelfu kwa maelfu, ikielekea upande mkono wako unakoelekea. Sarafu itang'aa, ndiyo, lakini itang'aa kama kijiko. Wenzangu wa tarakilishi wataelewa nikisema ni kama kuifungua picha ya JPEG, kuigusagusa kidogo na kuihifadhi upya juu ya faili lile lile. Kila ukifanya hivyo kuna kitu kinapotea, na hakuna kitufe cha kutendua.

Jambo la pili ni lile weusi. Sarafu ya fedha ikikaa miaka inakuwa nyeusi, au inapata rangi za samawati na zambarau na kahawia. Tunaita uchafu. Lakini uchafu ni kitu kilichotoka nje kikakaa juu, kama tope kwenye kiatu. Weusi wa fedha ni fedha yenyewe: chembe za metali zilizoungana na salfa iliyomo hewani zikawa kitu kingine. Ukiuondoa weusi umeondoa sehemu ya sarafu. Ni ngozi umechuna, siyo tope.

Haya basi, twende Philadelphia. Kiwanda cha sarafu cha serikali ya Marekani kilikuwa na mkusanyiko wake maalumu tangu 1838, na mtu aliyeuwezesha kuwapo alikuwa Adam Eckfeldt, mfanyakazi wa siku nyingi ambaye alikuwa na tabia ya kuweka kando sarafu nzuri kabla hazijatoka kwenda sokoni. Fikiria bahati hiyo: sarafu zilizotoka moja kwa moja kwenye mashine hadi kabatini, bila kupita mfukoni mwa mtu hata mmoja. Hakuna mkusanyaji wa kawaida angeweza kushindana na hilo.

Mwanzoni mwa karne ya 20, mkusanyaji mmoja maarufu, Farran Zerbe, alitembelea chumba hicho. Alikuta sarafu kadhaa za fedha zimefunikwa na utando mweupe. Akauliza. Akaambiwa kwamba wakati wa likizo, chumba kikiwa kimefungwa, mhudumu mmoja mwenye bidii aliona sarafu zimekuwa nyeusi, akaenda zake dukani, akanunua dawa ya kung'arishia metali na kuzisugua. Hakuna aliyemtuma. Hakuwa mwizi wala mlevi. Alikuwa mfanyakazi mzuri aliyeona kazi haijafanywa akaifanya. Zerbe aliandika malalamiko yake katika jarida la wakusanyaji wa Marekani, na anayoyaeleza ni mabaya kuliko ule utando: baadhi ya sarafu hizo zilikuwa zimesafishwa tena na tena kwa miaka mingi, hadi sarafu ambazo hazijawahi kununua hata mkate zikaonekana kama zimezunguka sokoni maisha yao yote.

Mimi huyo mhudumu namwonea huruma. Nimefanya kazi na watu wa aina yake. Ni yule anayeingia chumba cha seva Ijumaa jioni, anaona faili nyingi zenye majina yasiyoeleweka, na kwa moyo safi kabisa anazifuta ili kupata nafasi. Kosa lilikuwa la mfumo uliomwachia ufunguo bila kumwambia anachokilinda. Mkusanyiko huo ulihamishiwa Smithsonian kule Washington mnamo 1923, na sarafu zake nyingi bado zinabeba alama za ile bidii.

Baadaye dawa za kusugua zilifuatwa na dawa za kuchovya. Hizi ni hatari zaidi kwa sababu zinaonekana za kistaarabu. Unatumbukiza sarafu nyeusi kwenye kimiminika chenye asidi na kemikali iitwayo thayorea, unahesabu sekunde chache, unaitoa nyeupe peee. Ni kama uchawi. Kimiminika kimeyeyusha ule weusi, na chini yake mng'aro bado upo kwa kiasi fulani, hivyo mtu anadhani hakuna kilichopotea. Akirudia mara ya pili na ya tatu, ile mistari ya mtiririko imeliwa na sarafu inakuwa nyeupe isiyo na uhai, kama jino la bandia. Kisha kuna wale wasiosuuza vizuri: mabaki ya dawa hubaki kwenye mianya ya herufi, na baada ya muda madoa huanza kutokea humo.

Huku kwetu dawa ni ndimu, siki na chumvi, majivu, dawa ya meno, na kwa waliosoma bweni na kuwa maskauti, Brasso. Ndimu kwa sarafu ya shaba inaipa rangi ya waridi ambayo shaba haina kwa asili. Mtu yeyote aliyezoea akiiona hiyo rangi anajua habari yote kabla hujafungua mdomo.

Afrika Mashariki ina sarafu ambazo hazisamehe kosa hili hata kidogo. Chukua ile shilingi ya zamani iliyoanza 1921, yenye simba na milima nyuma yake, iliyotolewa na Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki. Watu huiita shilingi ya fedha, lakini hadi 1946 ilikuwa na fedha robo tu, asilimia 25; sehemu kubwa iliyobaki ni shaba na metali nyinginezo. Tangu 1948 haikuwa na fedha kabisa, ikawa shaba na nikeli. Mchanganyiko wa namna ile una ngozi nyeupe nyembamba juu, na ndani ni wa manjano. Ukisugua simba, pua na mgongo ndio wa kwanza kutoka ngozi, na unabaki na simba mwenye mabaka. Nimeziona nyingi kwenye meza za wauza vitu vya kale, zimeng'arishwa ili kumvutia mtalii, zote na simba mgonjwa.

Hapa nichepuke kidogo, maana kuna sarafu yetu iliyojiharibu yenyewe bila msaada wa mkusanyaji. Alumini ilikuwa metali ya anasa hadi 1886, mwaka ambao Charles Hall wa Marekani na Paul Héroult wa Ufaransa, kila mmoja kivyake, waligundua njia ya kuipata kwa umeme. Bei ikaporomoka. Mnamo 1907 Waingereza wakaamua kuijaribu kwenye sarafu, na waliochaguliwa kwa jaribio ni sisi: senti moja ya Afrika Mashariki na Uganda, na huko Afrika Magharibi sehemu ya kumi ya peni. Ni miongoni mwa sarafu za kwanza za alumini duniani. Zilikuwa nyepesi kama karatasi, zenye tundu katikati ili mtu azitunge kwenye uzi. Kwenye karatasi ya mipango ilikuwa wazo bora. Kisha zikakutana na jasho, chumvi na unyevu. Alumini hujilinda kwa tabaka jembamba la oksidi, na chumvi hulitoboa tabaka hilo, vishimo vikaanza. Kufikia 1909 senti ya alumini ilikuwa imeachwa, ikaja ya shaba na nikeli. Jaribio kwenye maabara ya London, hitilafu kwa mtumiaji wa Mombasa... sisi watu wa programu tunaujua wimbo huo. Leo ile senti ya 1907 ikiwa safi ni kitu cha thamani kwa mkusanyaji, na ukiipata usiipake chochote, maana hata maji ya chumvi ya jikoni yanaimaliza.

Turudi kwenye uhifadhi, kwa sababu kusugua angalau mtu anaweza kuacha. Ugonjwa mbaya zaidi ni ule unaofanya kazi umelala.

Wakusanyaji wa Ulaya wa zamani waliweka sarafu kwenye kabati za mbao zenye trei nyembamba, kila sarafu na shimo lake. Waliotumia mahogani hawakupata shida kubwa. Waliotumia mwaloni, mbao nzuri, ngumu, ya heshima, walikuwa wanaweka sarafu zao ndani ya hewa ya siki. Mwaloni hutoa asidi ya asetiki, ile ile iliyomo kwenye siki, polepole kwa miaka mingi. Metali ya risasi ndiyo inayoumia kwanza: medali na mihuri ya risasi hugeuka unga mweupe ndani ya droo, bila mtu kuzigusa.

Majumba ya makumbusho yalichelewa kulielewa hili. Berlin walimwajiri mkemia, Friedrich Rathgen, mnamo 1888, na hiyo ndiyo maabara ya kwanza ya makumbusho ya aina yake. Waingereza walingoja wapate hasara. Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, Makumbusho ya Uingereza ilihofia mabomu ya Wajerumani, ikateremsha vitu vyake vingi kwenye mahandaki ya reli ya chini ya ardhi, London. Mabomu hayakuvigusa. Vita vilipokwisha vikapandishwa juu na kukutwa vimeota kutu, chumvi na ukungu, kwa sababu chini kule kulikuwa na unyevu. Wakamwita mwanakemia Alexander Scott aje aone, na mnamo 1920 maabara ikaanzishwa. Yaani maabara yao maarufu ilizaliwa kutokana na nakala ya akiba iliyoharibika.

Kutoka maabara hiyo ndiyo ikaja kitu ninachokipenda kuliko vyote katika habari hii. Mwaka 1973 Andrew Oddy alichapisha makala fupi kuhusu hatari ya vifaa vya maonyesho vyenyewe: mbao, vitambaa, gundi, rangi. Alikuja na jaribio ambalo hadi leo linaitwa kwa jina lake. Unachukua kipande cha kitu unachotaka kukitumia, tuseme kitambaa cha kutandika droo. Unakiweka ndani ya chupa ya kioo pamoja na maji kidogo na vipande vitatu vya metali safi: fedha, risasi na shaba. Unafunga chupa, unaiweka kwenye joto la nyuzi 60 kwa siku 28. Kisha unafungua na kuangalia. Fedha ikiwa imeingia weusi, kuna salfa. Risasi ikiwa na unga mweupe, kuna asidi. Kitambaa kimefeli, kitafute kingine.

Utaona ni kitu gani hicho. Ni jaribio la kabla ya kupeleka kazi kwa mteja. Unaharakisha muda, unatoa kafara kitu kisicho na thamani, unaacha kile chenye thamani kikiwa salama. Watu walikuwa wamehifadhi sarafu kwa karne nyingi kabla ya mtu kufikiria kukijaribu chombo kwanza.

Na hapo ndipo tunafika kwenye plastiki.

Mwaka 1926 Waldo Semon, mkemia wa kampuni ya B. F. Goodrich kule Marekani, alipata njia ya kuilainisha PVC, plastiki ambayo kabla ya hapo ilikuwa ngumu na haina kazi ya maana. Siri ilikuwa kuichanganya na mafuta maalumu ya kulainisha. Ikawa laini, angavu, rahisi. Ikawa makoti ya mvua, mapazia ya bafu, mabomba, nyaya. Na kuanzia miaka ya 1960 ikawa kurasa za albamu za sarafu, zenye vijumba vidogo vya kuona mbele na nyuma. Wakusanyaji wakafurahi, tena wakawa na haki ya kufurahi: kabla ya hapo walikuwa na bahasha za karatasi zisizoonyesha kitu, au albamu za makadi zenye vipande vya plastiki ya kuteleza ambavyo ukivivuta vinakwaruza shavu la mfalme. Albamu ya PVC ilionekana kumaliza matatizo yote mawili.

Tatizo ni kwamba yale mafuta ya kulainisha hayajafungwa kwenye plastiki. Yamechanganywa tu, na kwa miaka yanatoka taratibu kama mafuta yanavyotoka kwenye maandazi yaliyofungwa kwa gazeti. Yanatua juu ya sarafu na kuifanya nata. Wakati huo huo PVC yenyewe inachakaa kwa joto na mwanga, na inapochakaa inatoa haidrojeni na klorini kwa pamoja, ambazo zikikutana na unyevu ni asidi ya haidrokloriki. Asidi inakula shaba. Matokeo yake ni uji wa kijani juu ya sarafu, na hata sarafu za fedha hazinusuriki, kwa kuwa karibu zote zimechanganywa na shaba. Ukiwahi, uji unatoka na chini yake sarafu ni nzima. Ukichelewa, uso umeshaliwa na hakuna wa kuurudisha.

Joto na unyevu, msomaji. Mchakato unaochukua miaka mingi kwenye chumba kikavu cha London unakwenda mbio zaidi katika nyumba ya mabati pwani. Mjomba wangu aliishi Mombasa na alikuwa na albamu ya namna hiyo, aliyoinunua miaka ya 1980 na kuijaza kwa uangalifu wa mtu aliyefanya kazi ya ukarani maisha yake yote: kila kurasa ina mwaka, kila mwaka una mstari. Tulipoifungua miaka michache iliyopita, kabla ya kuona chochote tulisikia harufu, ile ya pazia jipya la bafu. Kurasa zilikuwa zimegandana. Senti za bronzi zenye tundu zilikuwa za kijani ukingoni.

Kati yake kulikuwa na senti kumi ya 1936, na hii ina kisa chake. Mwaka huo Edward wa Nane alikuwa mfalme wa Uingereza kwa miezi kumi na moja hivi, kisha Desemba akakiacha kiti ili amwoe mwanamke aliyemtaka. Uingereza kwenyewe sarafu zake hazikuwahi kutolewa kwa matumizi. Lakini sarafu zetu za tundu hazikuhitaji sura ya mfalme, kwa kuwa katikati kuna tundu. Zilihitaji jina tu kuzunguka taji. Kwa hiyo zilitengenezwa mapema na kusambazwa. Mtu wa Kisumu alinunua chumvi kwa sarafu ya mfalme ambaye Mwingereza wa London hakuwahi kuishika. Si sarafu adimu, zilitengenezwa nyingi mno, na bei yake si ya kukutoa jasho. Lakini jina limo ukingoni, na ukingoni ndiko plastiki ilikogusa. Kwenye ile ya mjomba unaweza kusoma nusu ya jina. Nusu nyingine ni vishimo.

Mjomba aliiangalia, akasema tu, "Niliwekea plastiki ili zisishikwe."

Kuna jaribio la kuitambua PVC ambalo ni la zamani kuliko PVC ya albamu. Friedrich Beilstein, mkemia wa St. Petersburg, alilieleza mwaka 1872. Unachoma waya wa shaba kwenye moto hadi uwe mwekundu, unaugusisha kwenye plastiki ili kidogo kinate, unaurudisha motoni. Moto ukigeuka kijani, kuna klorini au ndugu zake. Tulifanya hivyo nje ya nyumba kwa kipande cha kona ya albamu (moshi wake si wa kuvuta, fanyia nje na kwa kipande kidogo sana) na moto ukawa wa kijani kama taa ya barabarani. Jaribio la dakika moja, la miaka mia moja na zaidi kabla ya albamu kununuliwa. Sidhani mwenye duka alilijua.

Dawa ya uji huo, ukiwahi, ni asetoni, ile safi, siyo kiondoa rangi ya kucha chenye manukato na rangi. Asetoni huyeyusha mafuta na mabaki ya plastiki bila kuishambulia metali. Unaloweka sarafu kwenye chombo cha kioo, hausugui, unabadilisha asetoni, unaiacha ikauke yenyewe. Kaa mbali na moto wowote, maana mvuke wake unawaka upesi. Shilingi na senti nyingi za mjomba ziliokoka hivyo. Kisha zikaingia kwenye vijumba vya poliesta, plastiki ngumu kidogo inayolialia ukiikunja, ambayo haina mafuta ya kutoka.

Mambo mengine nitayapitia mbio. Alama ya kidole juu ya shaba mpya hujichonga kwa muda na haitoki, kwa hiyo shika ukingo. Usiongee juu ya sarafu. Tone la mate hukauka likawa doa jeusi. Mpira wa kufungia noti una salfa, na huchora mstari mweusi juu ya fedha hata kama upo nje ya bahasha. Pini za kukazia makadi hukwaruza sarafu ya jirani.

Sasa kuna anayeuliza, basi hasara iko wapi, ni shilingi kuukuu tu? Kwa upande wa pesa jibu ni rahisi. Mwaka 1949 Mmarekani William Sheldon alitunga kipimo cha hali ya sarafu kutoka 1 hadi 70, na tangu 1986 kuna kampuni zinazokagua sarafu, kuzipa alama hiyo na kuzifungia ndani ya kesi ya plastiki. Sarafu iliyosuguliwa haipewi namba ya kawaida; inaandikwa kwamba imesafishwa, na bei yake inaanguka, hata kama kwa macho ya mtu wa kawaida inapendeza kuliko isiyosuguliwa.

Lakini mimi si bei inayonisumbua. Pwani yetu imeandikwa sehemu yake kubwa kwenye sarafu. Masultani wa Kilwa walitoa sarafu ndogo za shaba zenye maneno ya Kiarabu, upande mmoja ukikamilishana kwa vina na upande wa pili, na nyingi hazina tarehe. Kisiwani Pemba, Mtambwe Mkuu, mwaka 1984 lilifukuliwa fungu la sarafu zaidi ya 2,000 za fedha. Kisiwani Manda mwaka 2013 watafiti walitangaza kupata sarafu ya Kichina ya zama za mfalme Yongle, aliyetawala 1402 hadi 1424. Na cha ajabu kuliko vyote, mwaka 1944 askari wa Australia, Maurie Isenberg, aliokota mchangani kwenye visiwa vya Wessel, kaskazini mwa nchi yake, sarafu tisa: nne za Kiholanzi na tano za Kilwa. Alikaa nazo miaka 35. Hakuzipeleka kwa wataalamu hadi 1979, na hapo ndipo watu wakaanza kuuliza sarafu za Kilwa zilifikaje Australia. Bado wanauliza.

Fikiria tu miaka hiyo 35. Sarafu ndogo za shaba, zimeliwa na chumvi, ndani ya nyumba ya mtu asiyejua ni nini. Herufi zake zimesimama juu ya uso kwa unene mdogo kuliko kucha. Jioni moja ya ndimu na mswaki ingetosha, na leo tungekuwa na vipande vitano laini vya shaba ambavyo hakuna mtu angekuwa na sababu ya kuvihusisha na Kilwa. Ni vingapi vya namna hiyo vimepita kwenye mikono mingine, kwenye fukwe zetu wenyewe, vikasuguliwa ili kuonekana vimeandikwa nini, na kusugua huko ndiko kukafuta maandishi?

Kwa hiyo nikikuta mtu ana sarafu ya kale na anataka kuisafisha ili aisome, namwambia apige picha kwanza, mwanga ukitokea upande mmoja chini kabisa, kama jua la jioni. Vivuli vitasimamisha herufi. Simu ya kawaida inatosha, na ukipiga picha kadhaa ukihamisha mwanga kila mara, kuna programu za bure zinazoziunganisha ili uweze kuuzungusha mwanga kwenye skrini. Sarafu yenyewe inabaki na kutu yake, na aliye na maabara ataamua siku moja afanye nini nayo.

Jambo la mwisho ni la sarafu zilizo mfukoni mwako leo. Tarehe 11 Desemba 2018 Kenya ilitoa sarafu mpya za wanyama, baada ya Katiba ya 2010 kukataza sura ya mtu yeyote kwenye pesa. Ile shilingi moja yenye twiga ni chuma kilichopakwa nikeli. Ijaribu na sumaku, itashika. Hii inabadilisha kanuni zote za mabibi na mababu. Shilingi ya simba ukiisugua unapoteza ngozi na kubaki na mabaka. Ya twiga ukiikwaruza hadi chini ya nikeli, unyevu unafika kwenye chuma, na kutu huanzia ndani na kuinua ngozi kama rangi ya ukuta wenye maji. Hakuna asetoni ya kuponya hilo. Ukitaka kuwawekea wajukuu twiga wa mwaka wa kwanza, itafute sasa ambayo haijakwaruzwa, ishike ukingoni, itie kwenye poliesta, na uiweke juu kabatini mbali na bafu.